Vifaranga wa Msafara

Hapo juzi, wala si zamani za kale, palikuwa na nchi, na kama hawajaiuza tangu asubuhi, basi ingali ipo. Jina lake silitaji. Msidhani naogopa. Jina la nchi yetu hubadilishwa kila anapopatikana mfadhili mpya, nami sipendi kuwapa wasomaji habari iliyopitwa na wakati.

Mimi naitwa Chande, mtumishi wa Shirika la Umeme na Matumaini, tawi la Kisagali, cheo changu Fundi Mita Daraja la Pili. Watu wana midomo, wanalisema vibaya shirika letu, lakini mimi nauliza: jina halikueleza kila kitu tangu mwanzo? Ukikosa umeme unapewa kile kingine. Na matumaini, tuseme kweli, hayajawahi kukatika hata siku moja, wala mvua haiyaharibu.

Kazi yangu ni kufunga mita na kuzisoma. Nchi nyingine zilianza na umeme, mita zikaja baadaye, ndiyo maana raia wao wanatumia ovyo ovyo. Serikali yetu iliona mbali ikaanza na mita. Leo hakuna nyumba Kisagali isiyo na mita ukutani. Mzee Ntimba anazo mbili, kwa sababu alijiandikisha yeye, kisha akamwandikisha na beberu wake. Akina mama wengine wamezifumia mita zao vitambaa vya maua ili zisiingie vumbi. Kila mwisho wa mwezi navaa kofia yangu ya manjano, nabeba ngazi begani, napita nyumba kwa nyumba. Nasoma sifuri, naandika sifuri, nampongeza mwenye nyumba kwa kubana matumizi, nakaribishwa uji. Ni kazi nzuri, sitaki kusema uongo.

Sasa mtauliza umeme wenyewe uko wapi. Umeme unakaa na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa.

Msinielewe vibaya, hajaiba mtu. Nchi ina umeme wa kutosha mji mmoja na kipande. Wakubwa walikaa, wakanywa chai, wakaona si adabu Mheshimiwa Mlezi afike mahali akute giza, maana angesikitika, na akisikitika yeye huwa wanafukuzwa wao. Ndipo wakaanzisha Kitengo cha Mwanga wa Msafara. Mheshimiwa akipanga kwenda mji fulani, umeme unatangulia kumpokea. Akiondoka, gari la mwisho la msafara likishavuka daraja la mji, kuna bwana mmoja kituoni anashusha swichi, na umeme unahamia kule anakokwenda. Kwa hiyo Mheshimiwa Mlezi ametembea nchi nzima, mashariki na magharibi, na hajaona koroboi. Kwenye hotuba zake hupenda kusema: "Kila niendako nakuta taa. Hawa wanaonung'unika sijui wanaishi wapi."

Basi ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Mlezi atakuja Kisagali kuzindua nguzo. Nguzo ya umeme, ndiyo, moja, lakini imenyooka. Umeme ukatangulia, kwa sababu vipaza sauti lazima vijaribiwe. Kisha ziara ikaahirishwa, Mheshimiwa ana mafua. Ikaahirishwa tena, nguzo ilipakwa rangi ile ile ya gauni la mke wa waziri. Ikaahirishwa mara nyingine, mkasi wa kukatia utepe haukuonekana, na kamati ya kuutafuta ikaomba posho kwanza. Huku na huku umeme ulikuwa umekaa Kisagali wiki mbili, na ya tatu ikawa inakwisha.

Meneja wetu wa tawi, Bwana Lukwaro, siku ile ya kwanza umeme ulipowaka alipita mitaani na kipaza sauti akisema, "Wananchi, umeme umefika, na umefika moja kwa moja." Ni maneno ya kawaida tu, huyasema kila mwaka. Lakini watu wa Kisagali wana kasoro moja tangu enzi za babu zao. Jambo wakiambiwa kwa mdomo, watalichunguza hadi kesho. Wakiambiwa kwa kipaza sauti, wanaliamini pale pale.

Aliyeamini kuliko wote ni mama mkwe wangu.

Bi Mashavu, mama yake mke wangu Havijawa, ni mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa Kisagali. Umoja huo uliwahi kupewa na wafadhili mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku kubwa lenye kioo mbele na taa ndani za kuyapa mayai joto. Kwa kuwa umeme haukuwapo, Bi Mashavu aliitumia kuhifadhia vikombe vya wageni. Aliposikia tangazo la meneja, alitoa vikombe akawaita wenzake. Kila mama akaleta mayai ya kuku wake, akayatia alama kwa mkaa, huyu msalaba, huyu duara, yakapangwa sandukuni hadi yakajaa. Kisagali ni mji wa mlimani, una ukungu na baridi ya kuuma meno, vifaranga wetu wengi hufa kabla hawajaota manyoya. Akina mama walikuwa wameweka humo kila walichonacho.

Siku moja kabla ya ziara, Bwana Lukwaro alituita watumishi akatusomea ratiba. Mheshimiwa atafika asubuhi, atazindua, atakula, atashukuriwa, ataondoka mchana kwenda Sondomo kuzindua bomba.

Nikanyoosha mkono. "Na umeme, bwana meneja?"

"Umeme nao unakwenda Sondomo, Chande. Ulitaka ubaki hapa peke yake?"

 Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nikabisha hodi, nikakaa mlangoni nikiangalia chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona uso umekunjamana? Njoo usikilize."

Alikuwa ameweka sikio kwenye sanduku. Nikaweka na mimi, upande wa pili, kwa adabu. Ndani ya mayai kulikuwa kunasikika sauti ndogo ndogo, pii, pii.

"Kesho jioni watakuwa wametoka wote," akasema Bi Mashavu, na uso wake ulijaa furaha mpaka nikakosa pa kuanzia. Lakini nikaanza. Nikamweleza msafara, daraja, yule bwana wa swichi, na Sondomo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Bi Mashavu hapigi kelele, na hilo ndilo linalonitisha. "Mkwe wangu," akasema taratibu, "mita hii ulifunga wewe. Hao wa shirika mimi siwajui, nakujua wewe. Haya mayai yakiharibika, sitakuuliza kitu. Nitamwita tu mwanangu arudi nyumbani anisaidie kulia. Na mimi nikianza kulia, hukawia kunyamaza."

Havijawa ndiye anayenipikia, ndiye anayenichekesha, na ndiye pekee mjini anayeamini kwamba nitapanda Daraja la Kwanza. Nyumba bila yeye nisingeiweza hata wiki.

"Hebu niambie," akaendelea mama mkwe. "Huyo mkubwa anaondoka akishafanyiwa nini?"

"Akishashukuriwa, mama. Itifaki inasema Mheshimiwa hanyanyuki kitini kabla ya neno la shukrani."

"Na neno la shukrani anatoa nani?"

"Mwenyekiti wa akina mama."

"Ambaye ni nani?"

"Ni wewe, mama."

 Akaifungua kanga yake, akaifunga upya, akaikaza. "Basi nenda kapumzike," akasema. "Kesho uje na ile kofia yako ya manjano. Ukiwa umeivaa, nitajua bado. Wakishatoka wote, ivue."

Kesho yake Mheshimiwa Mlezi alifika na magari mengi kuliko nyumba zetu. Ni mtu mnene, mchangamfu, anayependa watoto na karanga. Alikata utepe, nguzo ikazinduliwa, ikapigiwa makofi, na askari wawili wakawekwa kuilinda isizinduliwe na mwingine. Akahutubia akiashiria taa zilizokuwa zikiwaka juani, akatuambia kila aendako anakuta taa. Tukashangilia, maana ni kweli. Akala wali na mbuzi. Kisha Afisa Itifaki, Bwana Kasusura, kijana mwembamba mwenye saa mbili mkononi, akatangaza kwa haraka: "Na sasa neno fupi la shukrani."

Bi Mashavu akapanda jukwaani. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya uwanja, kwenye kichochoro kinachoelekea kwake, kofia kichwani. Nilikuwa nimetoka kuchungulia sandukuni. Yai moja tu lilikuwa limepata ufa.

"Ndugu zangu," akaanza mama mkwe, "siku hizi mtu akishika kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa, halafu anaendelea na maneno yake. Mimi sikulelewa hivyo. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu husalimiwa kwa jina lake."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mheshimiwa Mlezi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Kasusura akatazama saa zake zote mbili.

Akamsalimu Mheshimiwa Mlezi, akamwulizia mkewe, watoto, na yale mafua. Akawasalimu mawaziri mmoja mmoja, na kila waziri akaulizwa nyumbani kwao ni wapi, na mvua huko zinaendeleaje. Akawasalimu makatibu, wakurugenzi, madereva wa wakurugenzi, wapishi, na mbuzi aliyeliwa akakumbukwa kwa heshima. Akamaliza wageni, akageukia wenyeji. Alianza na ukoo wa Mzee Ntimba, ambao ni mkubwa na una magomvi, kwa hiyo kila jina lilihitaji maelezo. Nikaenda kuchungulia, nikarudi. Vifaranga wachache walikuwa nje ya maganda, wamelowa, wanapepesuka. Kofia ikabaki kichwani.

Bwana Kasusura akapanda jukwaani akinyata, akamnong'oneza, "Mama, fupisha."

Bi Mashavu hakumjibu yeye. Alijibu kwenye kipaza sauti, kwa upole, kwa sauti ya mama aliyeonewa. "Ndugu zangu, kijana huyu ananiambia nifupishe kumshukuru Mheshimiwa Mlezi. Mimi ni mama tu wa hapa, sijui mambo ya mjini. Nimwambieje?"

Watu wakaguna. Mheshimiwa Mlezi akageuka polepole akamtazama Bwana Kasusura, na wanausalama wakamtazama vile vile. Kijana wa watu akaloa jasho. Akachukua kipaza sauti akasema, "Hapana, mama, nilikuwa nakuambia urefushe. Na mimi mwenyewe, kwa ruhusa yako, ningependa kuongeza neno."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Bwana Kasusura alimshukuru Mheshimiwa kwa jua na kwa kivuli. Alipomaliza, Waziri wa Matumaini akaona ataonekana hana shukrani, naye akaomba neno. Waziri wa Mabomba, aliyekuwa anasubiriwa Sondomo, akaona mwenzake amempita, akaomba maneno mawili. Wakapanga foleni wenyewe jukwaani, wakubwa wazima, wakisukumana na viwiko. Bwana Lukwaro meneja wetu alimshukuru Mheshimiwa mpaka akalia, na nadhani alikuwa analia kweli, maana Sondomo walikuwa wanampigia simu kuuliza umeme uko wapi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa zake kwenye kiti cha pembeni anakunywa maji. Mheshimiwa Mlezi alisinzia kidogo, akaamka, akakuta bado anashukuriwa, akatabasamu akasinzia tena.

Jua likaanza kuinama. Nikakimbia kwenda sandukuni, na safari hii moyo ulinijaa. Ndani ya kioo kulikuwa na vifaranga watupu, wa manjano, weusi, wa madoadoa, wamekauka, wanakanyagana na kupigizana kelele. Havijawa alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku anacheka na machozi yanamtoka. Tulishikana mikono kama watu waliopata mtoto. Nikarudi uwanjani mbio, nikasimama kichochoroni, nikaivua kofia.

Mama mkwe akaniona. Akainuka. Nikajua sasa atasema asante, yaishe, twende nyumbani.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Kisagali analijua, nami kwa kukimbia kimbia nilikuwa nimelisahau. Kifaranga akitoka kwenye ganda hana nguo. Anahitaji joto wiki na wiki, hadi aote manyoya. Umeme ukishavuka daraja, baridi ya usiku huu huu ingewamaliza wote. Nikairudisha kofia kichwani haraka haraka. Nikaivua tena. Nikaivaa. Watu wa karibu wakadhani ninamsalimu Mheshimiwa, wakaanza kuvua kofia zao na kuvaa.

Bi Mashavu akanitazama namna mtu mzima anavyomtazama mtoto anayetaka kumfundisha kuchemsha maji.

"Mheshimiwa Mlezi," akasema, "sisi maskini wa Kisagali hatuna dhahabu. Lakini mgeni haondoki mikono mitupu. Tunayo zawadi."

Akina mama wakatokea kichochoroni wakiimba, wamebeba sanduku mabegani, waya unaburutwa nyuma. Wakalichomeka kwenye soketi ya kipaza sauti, taa zikawaka ndani, na vifaranga wakaonekana na wakubwa wote. Mheshimiwa Mlezi akaamka kabisa. Akashuka jukwaani mwenyewe, akachuchumaa mbele ya kioo, akasahau itifaki yote.

"Hawa wamezaliwa leo," akasema Bi Mashavu. "Ni raia wako, Mheshimiwa. Hawajaona giza hata kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu yako. Sisi tunaogopa kuwakosea. Tunakuomba uende nao popote uendapo, uwalee, wakishakuwa wakubwa uturudishie, tujionee matunda ya malezi yako."

Zawadi ya hadharani haikataliwi, itifaki hiyo hiyo inasema. Mheshimiwa Mlezi akasema hajawahi kupewa kitu kilichomgusa hivyo, na kwamba vifaranga hawa watakula kile anachokula yeye. Watu wakapiga vigelegele.

"Na fundi wao," akaongeza mama mkwe, "ni mkwe wangu yule pale, mwenye kofia ya manjano. Asiyejua kama anaivaa au anaivua."

Kisha akasema asante. Msafara ukaondoka, gari la mwisho likavuka daraja, na Kisagali ikazimika nyuma yetu. Nililiona hilo kwa sababu gari la mwisho lilikuwa letu, mimi na vifaranga. Lilikuwa na bendera ndogo.

Sitakaa kuwasimulia safari yote. Tulizunguka nchi. Umeme ulitutangulia kila mji, na kila mji tulioingia nilisikia kipaza sauti kikisema kwamba umeme umefika moja kwa moja. Bwana Kasusura, ambaye baada ya siku ile hakutaka kukosea tena, aliwapa vifaranga nafasi yao katika itifaki, chini ya manaibu waziri, juu ya wakurugenzi. Nimesikia kwa masikio yangu mkuu wa mkoa akianza, "Mheshimiwa Mlezi, waheshimiwa mawaziri, vifaranga wa taifa, mabibi na mabwana." Wakurugenzi walinuna kidogo, ila mmoja wao alinijia faragha kuniuliza njia ya kuhamia kwenye sanduku. Mheshimiwa Mlezi alikuja kila asubuhi kuwarushia karanga. Jogoo mmoja mweupe alimzoea hata akawa anapanda begani kwake wakati wa hotuba, na redio ikasema ni dalili.

Wakaota manyoya, wakanenepa, wakawa kuku hasa. Mheshimiwa akatimiza ahadi, na hilo nalo lazima tuseme, maana hayatokei mara nyingi. Aliwarudisha wote kwa lori, nami nikiwa mbele na cheo kipya cha Daraja la Kwanza. Yeye hakuja, kwa hiyo umeme haukuja.

Mji mzima ulitupokea. Kila mama alichukua kuku wake kwa ubishi mwingi, kwa sababu alama za mkaa zilikuwa zimebaki kwenye maganda, lakini hakuna aliyekosa. Havijawa alinikumbatia mbele za watu. Bi Mashavu alinitazama mara moja, akasema, "Umekonda, mkwe wangu, lakini kuku wamenenepa. Kazi umefanya." Toka kwa mama mkwe huyo, hiyo ni nishani.

Jua likazama, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kuku wa kawaida giza likiingia huingia bandani wenyewe. Hawa walisimama mlangoni pa banda wamekunja shingo, wanatutazama mmoja mmoja, wanasubiri mtu awashe. Giza likazidi nao wakazidi kusimama. Jogoo mweupe akapanda begani kwangu akanitazama usoni kwa karibu sana, nikaona haya.

"Waambie kitu," akasema Havijawa.

Mimi ni mtumishi wa Shirika. Nikakohoa, nikawaambia kwamba mchakato unaendelea, kwamba nguzo imeshazinduliwa, na kwamba tunawaomba wawe na subira. Walinisikiliza kwa makini kabisa. Mzee Ntimba akasema hajaona kuku wanaofanana na sisi namna ile.

Akina mama wakawabeba mmoja mmoja wakawaingiza ndani, wakawafunika kwa magunia, mama mkwe akawaimbia kidogo hadi wakafumba macho. Asubuhi yake aliniita.

"Mkwe wangu, leta ngazi. Nao wafungie mita."

Nimewafungia. Iko juu ya mlango wa banda, kando ya taa niliyowawekea, ina kitambaa chake cha maua, inasoma sifuri. Kila mwisho wa mwezi napita na kofia yangu, naisoma, nawapongeza kwa kubana matumizi. Na kila mwisho wa mwezi, nikishaiandika, wanatoka mmoja baada ya mwingine, wanapanga mstari, wanaitazama ile taa juu ya mlango. Wakiona haijawaka, wanarudi ndani kutaga.